Homa ya usiku na dalili nyingine zisizosubiri asubuhi katika wodi ya saratani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi niliyehamishiwa wodi ya saratani miezi minne iliyopita kutoka wodi ya upasuaji. Hivi karibuni, nikiwa zamu ya usiku, mgonjwa aliyekuwa katika siku ya kumi tangu apewe tibakemikali alipata joto la nyuzi 38.4. Alikuwa akizungumza vizuri, hakuwa na kikohozi wala kidonda. Nilimpa parasetamoli, joto likashuka, nami nikaandika kwenye faili kwamba hali yake ni nzuri. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri shinikizo lake la damu lilikuwa 80/45, akakimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Alipona, lakini tangu siku hiyo naingia zamu kwa hofu. Naomba unieleze ni dalili zipi za mgonjwa wa saratani ambazo hazisubiri daktari wa asubuhi, na ni nini niwe nimeshafanya kabla daktari wa zamu hajafika kitandani.

Jibu: Marahaba. Nianze na usiku huohuo, kwa sababu homa baada ya tibakemikali ndiyo dharura utakayokutana nayo mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayomhadaa muuguzi hodari aliyetoka wodi nyingine. Katika wodi ya upasuaji umezoea kuutafuta usaha, wekundu na uvimbe ndipo uamini kwamba kuna maambukizi. Usaha hutengenezwa na seli nyeupe za damu ziitwazo neutrofili, na kwa dawa nyingi za tibakemikali seli hizo hupungua kufikia kiwango chao cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Mgonjwa wako alikuwa siku ya kumi. Hakuwa na kikohozi wala kidonda kwa sababu hakuwa na askari wa kupigana vita vinavyoonekana. Hata picha ya kifua ingeweza kutoka safi huku nimonia ikiwa imekwishaanza. Parasetamoli ilishusha namba ya kipimajoto na kuwaacha bakteria palepale walipokuwa.

Kipimo kinachotumika ni hiki: joto la nyuzi 38.3 likipimwa mara moja tu, au nyuzi 38.0 likidumu kwa saa moja, kwa mgonjwa ambaye neutrofili zake ziko chini ya 500 kwa mikrolita moja ya damu au zinatarajiwa kushuka chini ya hapo ndani ya saa 48. Zingatia neno "zinatarajiwa". Maana yake ni kwamba hupaswi kusubiri majibu ya maabara ili uanze kuhangaika. Hesabu siku tangu dawa ya mwisho, na ikiwa zinaangukia katika kipindi hicho, mchukulie mgonjwa kuwa hana kinga mpaka maabara iseme vinginevyo. Kumbuka pia kwamba anayetumia dawa za steroidi kama deksamethasoni au predinisoloni anaweza asipate homa kabisa, na mzee anaweza kuja na joto la chini ya 36, baridi ya kutetemeka na maneno yasiyoeleweka. Huyo naye yumo.

Tangu joto hilo lionekane, lengo ni dozi ya kwanza ya antibayotiki ya mshipani iwe imeingia ndani ya dakika 60. Katika saa hiyo kazi kubwa ni yako. Pima vyote, na hasa kasi ya kupumua, ambayo wengi wetu huijaza kwa kukisia ingawa mara nyingi ndiyo hubadilika kwanza. Weka kanula, yaani mrija mdogo wa mshipani, kisha chukua damu ya kuotesha vijidudu mara mbili: ikiwa mgonjwa ana katheta ya mshipa mkuu, chukua kutoka kila njia ya katheta na pia kutoka mshipa wa mkononi. Chukua na damu ya hesabu ya seli, ya figo na ya laktati kama inapimwa. Mshipa ukikusumbua kwa muda mrefu, dawa isingoje chupa za kuoteshea. Mwangalie kinywani, kwenye ngozi inayozunguka katheta, kwenye mikunjo ya mwili na kwenye njia ya haja kubwa, ambako utaangalia kwa macho tu na kumuuliza kama anaumia akienda chooni. Usipime joto kwa njia ya haja kubwa, usiweke dawa wala enema huko, na usimchome sindano ya msuli, kwa sababu kila mchubuko ni mlango wa vijidudu na huenda chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo zimeshuka. Namba ya juu ya shinikizo la damu ikiwa chini ya 90, au mkojo ukipungua chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, hiyo si homa ya kuangaliwa tena. Ni sepsisi, yaani maambukizi yanayoangusha viungo vya mwili, na maji ya mshipani yanahitajika wakati huohuo.

Naongeza jambo moja ambalo wauguzi wengi huona haya kulidai. Wodi ya saratani inapaswa kuwa na utaratibu ulioandikwa na kusainiwa mapema na madaktari, unaomruhusu muuguzi kuanza dozi ya kwanza ya antibayotiki iliyotajwa kwa jina, baada ya kuuliza mzio, bila kungoja daktari ashuke ngazi. Kama kwenu haupo, lipeleke suala hilo kwenye kikao cha wodi, na kisa chako ndicho hoja ya kutosha.

Dharura ya pili ninayotaka uitafute kwa bidii haina homa wala kelele. Ni uti wa mgongo kubanwa na uvimbe, jambo linaloonekana zaidi kwa wenye saratani ya matiti, ya mapafu, ya tezi dume na mailoma, ambayo ni saratani ya uboho. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi huanza na maumivu ya mgongo, mara nyingi wiki kadhaa kabla miguu haijalegea, na katika wiki hizo ndipo mgonjwa anapoweza kuokolewa asipooze. Maumivu haya yana tabia yake: yanazidi mgonjwa anapolala chali, anapokohoa au anapojikamua chooni, na wakati mwingine huzunguka kifua au tumbo kama mkanda uliokazwa. Maumivu ya kawaida ya mgongo hupungua mtu akilala. Kwa hiyo ukimkuta mgonjwa saa nane usiku ameketi kwenye kiti, anakuambia kwamba kitanda kinamuumiza, usimwongezee mto ukaendelea na mzunguko wako. Muulize kama miguu imekuwa mizito, kama ngazi zinamshinda, kama ganzi imeanza, kama mkojo unachelewa kutoka. Mwambie ainue mguu mmoja mmoja akisukuma kiganja chako, kisha pitisha pamba kutoka nyayoni kwenda juu na kutia alama mahali anapoanza kuihisi sawasawa. Gusa na tumbo la chini: kibofu kilichojaa bila haja ya kukojoa ni dalili ya kuchelewa, na kuvuja kwa mkojo kidogo kidogo kusikuhadaishe ukadhani kibofu ni kitupu. Kosa la kawaida hapa ni kuibebesha morfini lawama ya kufunga choo na mkojo, kisha kuandika dawa ya kulainisha choo.

Ukishuku, mlaze sawa, mgeuze mwili mzima kwa pamoja kama gogo mkiwa watu wa kutosha, na umpigie daktari saa hiyohiyo. Deksamethasoni kwa kawaida huanza mara moja, mara nyingi jumla ya miligramu 16 kwa siku, nawe utafuatilia sukari ya damu. Kipimo cha MRI hufanywa kwa uti wa mgongo wote, kwa maana uvimbe unaweza kubana zaidi ya sehemu moja. Uandike kwa uwazi kama mgonjwa alikuwa anatembea, na saa ngapi. Anayeanza matibabu akiwa bado anatembea kwa kawaida huendelea kutembea. Ambaye miguu imekwishalala, ni wachache wanaosimama tena.

Kuchanganyikiwa nako usikuhukumu haraka kuwa ni kwa sababu ya dawa za maumivu. Mgonjwa mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa sana, mwenye kichefuchefu, choo kigumu na usingizi wa mchana, pima kalisi yake. Kalisi iliyozidi 2.6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita ni ya juu, na ikifika 3.5 maisha yako hatarini. Namba hiyo isomwe pamoja na albumini, protini ya damu inayobeba kalisi, kwani albumini ikiwa chini huficha ukubwa halisi wa tatizo. Matibabu huanza na maji ya chumvi ya mshipani, kisha asidi ya zoledroniki, dawa ya kushusha kalisi, ambayo huchukua siku mbili hadi nne kuonyesha nguvu yake, hivyo asubuhi inayofuata usitegemee muujiza.

Kwa wenye lukemia kali (saratani ya damu) na limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) zinazokua kwa kasi, hasa ya Burkitt, hatari huja kwa sababu dawa imefanya kazi vizuri mno. Seli zikifa kwa wingi, kwa kawaida kati ya saa 12 na 72 tangu matibabu yaanze, humwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki kwenye damu, kalisi ikashuka na figo zikaziba. Mgonjwa wa namna hii anahitaji maji mengi tangu kabla ya dawa, kipimo cha mkojo cha kila saa kilichoandikwa kwa mililita wala si kwa maneno "anakojoa vizuri", na dripu isiyo na potasiamu hata tone. Akilalamika misuli kukakamaa, ganzi ya midomo au moyo kwenda mrama, fanya kipimo cha umeme wa moyo huku unapiga simu. Mawimbi ya T yaliyochongoka juu ni potasiamu inayojitangaza. Kama amepewa rasburikesi, dawa inayovunja asidi ya yuriki, sampuli ya asidi ya yuriki iende maabara ndani ya barafu, kwa sababu dawa hiyo huendelea kuila asidi ndani ya chupa, na jibu litakalorudi litakuwa zuri kwa uongo.

Uso unaovimba asubuhi, mishipa ya shingo na kifua iliyotuna na pumzi inayobana mgonjwa akiinama huashiria kuzibwa kwa mshipa mkuu wa juu unaorudisha damu moyoni. Inua kichwa cha kitanda, mpe oksijeni ikihitajika, na usiweke kanula wala kupima shinikizo kwenye mikono, tumia mguu. Mlio wa kukwaruza wakati wa kuvuta hewa, au kusinzia, huifanya hali hii kuwa ya dakika.

Zimebaki zile dharura zinazotokea mbele ya macho yako wakati dawa inaingia. Paklitakseli, mojawapo ya dawa za tibakemikali, huleta mzio mara nyingi katika dozi ya kwanza au ya pili, ndani ya dakika kumi za mwanzo, kwa hiyo dakika hizo usitoke kitandani. Karboplatini, nayo dawa ya tibakemikali, ina desturi tofauti: huweza kukubaliwa vizuri mizunguko sita kisha ikamgeuka mgonjwa katika wa saba au wa nane, naye atakuambia tu kwamba viganja vinawasha. Funga dawa, usiing'oe kanula, na ikiwa pumzi au shinikizo vimeguswa, choma adrenalini nusu miligramu kwenye msuli wa paja, upande wa nje, kwa mtu mzima. Hapa katazo la sindano ya msuli nililolitaja juu halifanyi kazi. Na ikiwa dawa kama doksorubisini imevuja nje ya mshipa, simamisha, acha kanula ilipo, nyonya kwa bomba kile kinachorudi, usisukume maji kupitia humo, kisha weka kitu cha baridi. Kwa vinkristini huwekwa cha vuguvugu. Chora mpaka wa wekundu kwa kalamu juu ya ngozi na uandike saa, ili wa zamu inayofuata aone kama umesogea.

Umeniuliza pia, bila kulitamka, kama inafaa kumwamsha daktari kwa joto la 38.4 la mtu anayeongea vizuri. Inafaa. Kinachowafanya madaktari warudi kulala ni simu isemayo "mgonjwa wa kitanda cha sita ana homa kidogo". Piga hivi: "Daktari, nina mgonjwa wa limfoma, siku ya kumi baada ya tibakemikali, joto 38.4 saa saba na dakika kumi, mapigo 118, anapumua mara 24, shinikizo 105 kwa 60. Nashuku homa ya upungufu wa neutrofili. Kanula ipo, damu ya kuotesha imechukuliwa, hana mzio wa penisilini. Naomba uidhinishe antibayotiki sasa, na uje umwone." Andika saa uliyopiga, aliyepokea na alichosema. Zikipita dakika 15 bila jibu, mpigie aliye juu yake, nayo uiandike.