Kwa mwongoza ndege mpya: maili 5 za sasa si maili 5 za baadaye

Wadogo zangu mnaotoka chuoni na kuingia mnarani au chumba cha rada, namba za nafasi kati ya ndege na ndege mnazijua. Futi 1,000 kati ya ndege ya juu na ya chini. Maili 3 za baharini karibu na uwanja pale rada inaporuhusu, maili 5 kwingineko. Ila wengi wenu mnaanza kazi mkizilenga namba hizo, wakati zimewekwa kuwa kikomo cha chini. Ukipanga ndege zako zipishane kwa maili 3 kamili, rubani mmoja akichelewa kidogo tu kupunguza mwendo, umeshaingia kwenye kosa.

Tuchukue jambo la kila siku Dar es Salaam. Ndege ndogo aina ya Caravan inatoka Zanzibar, imebakiza maili 10 kutua, mwendo wake noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa. Nyuma yake kuna Boeing 787 iliyobakiza maili 15, mwendo noti 140. Kwenye kioo cha rada unaona maili 5 katikati yao, na moyo unatulia. Sasa piga hesabu. Baada ya dakika 3 Caravan imekwenda maili 5 na ile kubwa imekwenda maili 7, kwa hiyo zimebaki maili 3 tu, na bado zinapungua. Dakika ya 6 Caravan inagusa lami, na 787 iko maili 1 nyuma yake. Hapo utamwamuru rubani wa 787 apae tena na kuzunguka, mafuta yaungue, abiria washtuke, na foleni yote uliyoipanga ivurugike.

Geuza mpangilio. Tanguliza 787, Caravan ifuate. Hapa linakuja suala la msukosuko wa mabawa, yaani hewa inayozunguka ambayo ndege huiacha nyuma yake. Ndege yenye uzito wa juu wa kuruka kuanzia kilo 136,000 huhesabiwa nzito, na isiyozidi kilo 7,000 huhesabiwa nyepesi. Nyepesi ikifuata nzito kwenda kutua, huipa nafasi ya maili 6 kwa rada, au dakika 3 pale unapotumia saa. Zinaonekana nyingi, lakini kwa kuwa ile ya mbele ina kasi zaidi, nafasi hiyo inaongezeka yenyewe. Ndiyo maana nawaambia vijana: kabla ya kupima umbali, jiulize nani anamkimbiza nani.

Kuhusu msukosuko wenyewe, siku ya upepo mkali msiiogope kuliko siku iliyotulia. Hewa inayozunguka kutoka ncha za mabawa huwa inashuka polepole nyuma ya ndege, na upepo ukiwa mwanana unaweza kuishikilia palepale juu ya njia ya kurukia. Rubani wa ndege ndogo anayekuja kwa kuona kwa macho anajitunzia nafasi mwenyewe, lakini kumtahadharisha ni wajibu wako. Mwambie mapema, angali na nafasi ya kubaki juu ya njia aliyopita yule mkubwa.

Tabia moja itawaokoa mara nyingi: anzeni na futi. Ndege mbili zikielekea kukutana, zipe kwanza kimo tofauti, kisha ndipo uzihangaikie kushoto na kulia. Na usimpe mtu kimo cha mwenzake kwa sababu tu umeshamwambia mwenzake ashuke. Kumwambia ni jambo moja, kuondoka ni jingine. Subiri aseme amekiacha, au uone kwenye rada kuwa amekiacha.

Kwenye njia ya kurukia hakuna maili za kukusaidia, na hapo ndipo naomba muwe wakali zaidi na nafsi zenu. Someni ajali ya Haneda, Tokyo, ya tarehe 2 Januari 2024. Ndege ya walinzi wa pwani iliambiwa iende hadi kwenye mstari wa kusubiria. Rubani akarudia maelekezo sawasawa. Kisha akaingia kwenye njia na kusimama hapo kama sekunde 40, huku Airbus A350 ikiwa imeruhusiwa kutua. Watu 379 wa Airbus walitoka wote hai, lakini watano kati ya sita wa ndege ndogo walikufa. Inaniuma kila nikiisoma, kwa sababu maneno ya redioni yalikuwa sahihi. Kioo cha tahadhari, kinachoonya njia ikiingiliwa, nacho kilibadilika rangi, na hakuna mnarani aliyekiona.

Kwa hiyo sikilizeni rubani anavyorudia, namba kwa namba, na akikosea mrekebisheni palepale hata kama redio imejaa. Lakini baada ya kutoa ruhusa ya kutua, inua macho utazame njia yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Tazama tena njia hiyo wakati ndege imebakiza maili 2. Usiku tazama taa zinazosogea na zile ambazo zilitakiwa kusogea lakini zimetulia.

Na rubani akikwambia mtambo wake wa kuzuia kugongana umemwamuru apande au ashuke, jibu kuwa umesikia, kisha usimpe amri yoyote ya kubadili kimo au mwelekeo. Juu ya Überlingen, Ujerumani, tarehe 1 Julai 2002, mtambo ulimwambia rubani apande na mwongozaji akamwambia ashuke. Akashuka, ndege mbili zikagongana, wakafa watu 71. Mwache afuate mtambo wake. Wewe wape wengine walio karibu habari za aliko, mpaka atakapokwambia amemaliza na anarudi kwenye kimo ulichompa.