Ulinzi wa akaunti uje umewashwa tayari, ila watuachie na njia ya kurudi ndani

Mi kazi yangu ni steshenari hapa Morogoro, kopi, kuchapa, passport size, na siku hizi wateja wengi wanakuja kwa mambo ya mtandaoni, kuomba mkopo wa chuo, maombi ya ajira, kufungua email, na wengine wanakuja tu kwa sababu "akaunti imegoma". Hao wa akaunti imegoma ndo wamenifanya niwe na msimamo kwenye hili suala la ulinzi wa ziada, yaani ile hatua ya pili baada ya paswedi (wanaiita hatua mbili, mfano unaombwa namba iliyotumwa kwa meseji au PIN), kama uje umewashwa tayari au kila mtu aachiwe awashe akipenda. Mi nasema uje umewashwa. Nina masharti yangu nitayasema mbele huko, ila msimamo ndo huo.

Sababu yenyewe wala haina mzunguko, ukiiacha iwe hiari hamna anayewasha. Na usidhani ni sisi tu wa huku. Mwaka 2018 mhandisi mmoja wa Google alisema hadharani kwamba akaunti za Gmail zinazotumika zilizowasha hatua mbili hazifiki asilimia 10, na huduma yenyewe ilikuwepo tangu 2011. Twitter nao kwenye ripoti yao ya nusu ya pili ya 2020 wakaonyesha asilimia 2.3 tu. Dunia nzima hiyo, na mafundi wa kompyuta wenyewe wamo humo humo. Mtu anafungua akaunti akiwa na haraka ya kitu kingine kabisa, anataka atume fomu kabla dirisha halijafungwa, anataka aone picha za harusi alizotumiwa, nani ataingia setingi kutafuta kitu ambacho hata hajui kama kipo?

Afu kuna hoja naisikia sana, eti watu wetu hawajazoea, ukiwawekea vitu vya lazima utawachanganya, wazee watashindwa. Jamani. M-Pesa imeanza Kenya 2007, Tanzania ikaja 2008, na tangu siku ya kwanza hamna aliyeulizwa kama angependa kuwa na PIN au hapendi, ukitaka kutuma hela unaweka PIN, basi. Mama anayeuza mchicha anaijua. Mzee ambaye hata meseji anasomewa na mjukuu, ikifika kwenye PIN anakwambia geuka huko, anabonyeza mwenyewe huku kaziba na kiganja. Watu wanaweza sana, shida ni kwamba kwenye email na WhatsApp hawajawahi kuwekewa wala kuambiwa.

WhatsApp hapo ndo wananishangaza zaidi. Mwaka 2016 walipofunga ujumbe wote usisomwe njiani hawakumuuliza mtu, uliamka asubuhi ukakuta kile kimaandishi cha njano kwenye chati, watu zaidi ya bilioni moja wakawa wamelindwa bila kugusa kitufe chochote. Ila ile PIN ya tarakimu sita waliyoileta 2017, ambayo ndo ingetusaidia sisi dhidi ya matapeli wetu, hiyo wakaiacha kwenye setingi huko ndani uitafute mwenyewe.

Kuna mama mmoja mteja wangu, mweka hazina wa kikoba chao, alikuja akiwa anatetemeka na simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hebu angalia hapa, kuna mtu anaomba hela kwa jina langu."

Kumbe mtu alimpigia, sauti ya upole kabisa, mama samahani kuna namba sita zimeingia kwako kimakosa, naomba unisomee. Akamsomea. Haikupita muda wanakikoba wakaanza kupokea meseji kutoka kwa mweka hazina wao, nimekwama mahali, ile hela tuma kwenye namba hii nitarudisha jioni. Mweka hazina! Nani asitume. Tukaingiza namba yake upya, OTP, yaani ile namba ya kuthibitisha inayotumwa kwa meseji, ikaja kwenye laini yake, tapeli akatolewa palepale, ila kioo kikadai PIN ya tarakimu sita ambayo mama hajawahi kuiweka maishani mwake. Kaiweka tapeli. Na utaratibu wa WhatsApp ni kwamba kama hiyo PIN huijui na huna njia ya kuibadilisha kwa email, unasubiri siku 7. Wiki nzima mtu anashika hela za wenzake na WhatsApp hana, akawa anawapigia mmoja mmoja kwa vocha yake kuwaambia siyo mimi. Pale kaunta aliniuliza, "sasa mwanangu, mbona mwizi wamemruhusu kuiweka hiyo namba ya siri na mimi mwenye simu hawakuniambia?" Nikakosa cha kumjibu.

Na siyo kwamba kuwasha kwa wote haiwezekani, Google walijaribu. Mwaka 2021 walianza kuwawashia watu hatua mbili bila kusubiri waombe, wakafikisha akaunti zaidi ya milioni 150, na mwanzoni mwa 2022 wakasema akaunti kuingiliwa kwenye hilo kundi kumepungua kwa asilimia 50. Nusu nzima, kwa watu ambao wengi wao hawakufanya chochote. Mtu akiniletea hoja za uhuru wa kuchagua namwonyesha hiyo, mwenye kutaka kuzima si azime, kitufe kipo, ila aanze akiwa salama.

Sasa masharti yangu. Huu ulinzi unatengenezwa na watu ambao namba ya simu wanayo moja miaka na miaka, simu ikipotea wananunua nyingine wanaendelea. Huku kwetu vijana wengi email zao zilifunguliwa steshenari wakiwa wamemaliza form four, namba iliyowekwa ni ya mwenye steshenari, au ya kaka yake, au ya laini aliyosajili kwa wakala wa mwavuli kwa sababu ya ofa ya bando, ofa ilipoisha laini ikatupwa. Na laini isipotumika miezi kadhaa kampuni inaifunga, baadae namba inauzwa kwa mtu mwingine. Hapo ukimwashia hatua mbili kwa meseji umefanya nini? Umempa funguo mtu asiyemjua ambaye kanunua laini juzi stendi, na mwenye akaunti umemfungia nje.

Kuna kijana alikuja kipindi cha maombi ya mkopo, paswedi anaikumbuka vizuri kabisa, anaiweka inakubali, afu kompyuta inamwambia angalia simu yako, tumetuma arifa, gusa Ndiyo. Simu yenyewe kaibiwa Msamvu akigombania basi. Tukabonyeza jaribu njia nyingine, ikaleta namba inayoishia na tarakimu mbili ambazo hajui ni za nani, tukabonyeza tena, ikaleta email ya akiba ambayo hana. Tukazunguka hapo hapo mpaka ikasema haiwezi kuthibitisha kuwa ni yeye. Ikabidi afungue email mpya na aanze kuhangaika kubadilisha kila sehemu aliyojaza ile ya zamani. Huyo ukimwambia ulinzi uje umewashwa atakurushia kiatu, na ana haki.

Ndo maana nasema wakiwasha, waanze na njia ya kurudi. Kabla hujawashiwa hatua ya pili mfumo ukulazimishe uwe na njia mbili za akiba, na ikuulize kila baada ya muda, hii namba bado ni yako? Meseji peke yake isihesabike kuwa imetosha maana tapeli akiwa na taarifa zako anaweza kwenda kurudisha laini yako, yaani apewe namba yako kwenye kadi mpya, hiyo tunaijua wote. Twitter mwaka 2023 waliwaondolea hatua mbili ya meseji watu wasiolipia, wakasema inatumiwa vibaya na wahuni, ila ukilipia unabaki nayo, sijui ukilipia wahuni wanaogopa risiti.

Na siyo kila kitu kiwashwe, hapa ndo natofautiana na wale wanaotaka kufuli kila mahali. Wenzetu Kenya wa Safaricom wanaweza kupiga *100*100# laini yako isirudishwe na wakala yeyote, mpaka uende mwenyewe kwenye duka la kampuni na kitambulisho. Kwa mtu wa Nairobi mwenye hela kwenye simu ni kitu kizuri mno na angekuwa nayo tayari ningefurahi. Kwa mama wa kijijini ambaye duka liko mbali na nauli ni shida, simu ikidondoka mtoni anakaa bila laini na bila hela mpaka apate nauli. Hiyo iachwe hiari, ila waitangaze kama wanavyotangaza bando.

Haya, kwa wewe unayesoma na hujawashiwa chochote, usisubiri kampuni, ila fuata mpangilio maana wengi wanaanza na kuwasha ndo wanajifungia nje. Anza na namba. Ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya Usalama, angalia namba iliyopo ni ipi, kama ni ya mtu wa steshenari itoe weka yako, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiwa hapo piga *106# uangalie ni laini zipi zimesajiliwa kwa NIDA yako, kuna wakala wanakwambia kidole hakijasoma weka tena, weka tena, kumbe kila ukiweka anasajili nyingine. Afu weka email ya akiba ya mtu unayemwamini, mke, mume, dada. Ndo uwashe hatua mbili, na ukishawasha tafuta namba za akiba, Google wanakupa 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Hizo ziprinti au ziandike kwa mkono, zikae na cheti cha kuzaliwa. Usizipige skrinshoti zikakaa kwenye simu ile ile, simu ikiibiwa zimeondoka nayo.

Ukiweza achana na meseji kabisa utumie programu ya kuzalisha namba kama Google Authenticator, haihitaji bando wala mtandao wa simu, hata laini ikizimwa namba zinatoka. Zamani tatizo lake lilikuwa simu ikipotea na namba zimekwenda, tangu 2023 wameweka uwezo wa kuzihifadhi kwenye akaunti yako.

WhatsApp ingia Setingi, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN na weka email, email usiiruke, ndo itakuokoa ukisahau. PIN isiwe tarehe ya kuzaliwa, kila mtu kwenye kundi anakuimbia hapi bethidei anaijua. Itakuwa inakuuliza PIN mara moja moja uweke, usikasirike ukaizima, inafanya hivyo usiisahau. Kwa wazazi kaa nao chini uwawekee, PIN wachague wenyewe, email weka yako, na uwaambie hata aliyejitambulisha kuwa ni wewe akiomba namba sita wakate simu.

Na wenzangu wa steshenari, tuache kuweka namba zetu kwenye email za wateja. Najua kijana anakuja hana laini, foleni ndefu, unaweka yako ili kazi iishe. Mwambie akasajili laini kwanza, dirisha la maombi halifungwi leo. Na mteja akija kuuza simu au kubadilisha laini mkumbushe abadilishe namba kwenye akaunti zake wakati ile ya zamani bado inashika mtandao, kwa sababu OTP ya kukubali mabadiliko mara nyingi inatumwa kwenye hiyo hiyo ya zamani.