Barabara tupu inataka kengele

Mwaka wangu wa kwanza Fort Portal, magharibi mwa Uganda, niliangukia kahawa ya watu.

Ilikuwa kwenye njia ya vumbi upande wa Kasenda, kusini mwa mji, kule kwenye maziwa yaliyojaa ndani ya mashimo ya volkano. Nilikuwa nateremka kwa baiskeli. Nusu saa nzima sikuwa nimekutana na gari wala bodaboda, nikajisahau: vidole mbali na breki, macho ziwani. Mbele yangu mama mmoja alikuwa na dumu la lita 20 kichwani, anatembea pembeni kabisa. Nikapima nafasi, nikaona napita, nikapita bila kusema neno. Nilipobakiza hatua mbili akasikia changarawe zinalia chini ya tairi. Akashtuka, akaruka, tena akarukia katikati ya njia. Nikakata usukani. Ng'ambo kulikuwa na turubai la bluu lililoanikwa kahawa. Baiskeli ilisimama ukingoni. Mimi nikaendelea na safari.

Tuliokota buni karibu saa nzima, mimi na bibi mwenye kahawa na watoto wanne, tukichambua vijiwe kimoja kimoja. Kiwiko kilikuwa kinavuja damu na hakuna aliyekiuliza.

Mwenzangu alifika tukiwa katikati ya kazi hiyo. Ni jirani yangu, sajini mstaafu, na Kiswahili chake amekipata jeshini kama wanajeshi wengi wa Uganda. Namwita Afande. Baiskeli yake ni ile nyeusi ya chuma, haina gia, na kengele yake anaipiga mfululizo kama muuza aiskrimu. Kusema kweli nilikuwa nimemwacha nyuma kwa sababu kengele hiyo ilinichosha tangu asubuhi. Akashuka, akatazama turubai, akanitazama.

“Mwalimu,” akasema, “gari inajisema yenyewe. Baiskeli haisemi. Wewe ndiyo utasema.”

Wageni wanaonijia kutoka Tanga na Nairobi wanajiandaa kwa magari: kioo cha pembeni, koti la kung'aa, taa mbili nyuma. Kengele hawana. Huku kwenye njia za vijijini magari ni machache kweli, na hiyo ndiyo raha iliyowaleta. Ila mtu wa hapa amezoea kwamba kitu chenye kasi kina ngurumo, na tairi nene juu ya vumbi laini halina. Kwa hiyo mimi sasa nagonga kengele mara mbili nikiwa bado mbali, hatua thelathini hivi, kisha naacha kukanyaga ili nimpe mtu nafasi ya kugeuka na kuchagua upande wake. Nikimkaribia, nasalimia. Nikiona amebeba mzigo kichwani nasubiri hadi aamue, maana shingo yenye dumu haigeuki.

Mbuzi ni habari nyingine. Kengele haimsaidii. Ukimwona mbuzi upande mmoja wa njia, tafuta kigingi upande wa pili, kwa sababu kamba imelala katikati na itanyanyuka pale pale utakapofika.

Salamu nayo ina mambo yake. Nilidhani Kiswahili changu ni mtaji. Sokoni ni mtaji kweli: wachuuzi wanaotoka Kongo wanakielewa, askari wanakielewa, wanafunzi wanapenda kukijaribu. Lakini kwa wazee wa vijijini Kiswahili kilikaa miaka mingi kama lugha ya mwenye bunduki, hasa kwa waliopita vizuizi vya barabarani enzi za Amin. Sasa fikiria mzee yuko peke yake kwenye kona, ghafla anatokea mtu amevaa kofia ngumu na miwani myeusi, anamwambia “Habari, mzee!” kwa sauti ya juu. Mmoja aliniinulia mikono. Niliona aibu siku nzima.

Jifunze Kitooro kidogo basi. “Oraire ota?” inatosha kwa asubuhi. Na vua miwani.

Kinachofungua milango zaidi ni empaako, jina la heshima ambalo kila Mtooro analo mbali na majina yake mengine. Yako kumi na mawili tu, kama Amooti, Akiiki, Adyeri, Atwooki, na ukishalijua la mtu unamsalimia kwalo. UNESCO iliiweka desturi hii mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Yule bibi wa kahawa alikataa pesa yangu siku ile, akauliza empaako yangu. Sikuwa nayo. Akafikiri kidogo, akasema: Abwooli. Watoto wakaangua kicheko. Afande ndiye aliyenieleza kwamba ni jina zuri kabisa, wanalo watu wazima wengi wanaoheshimika, isipokuwa paka naye huitwa hivyo.

Kuhusu njia zenyewe. Barabara kuu ya Kampala usiiguse kwa baiskeli kama unatafuta utulivu. Malori na mabasi yatakusukuma mtaroni. Ya Kamwenge ni lami kwa kilomita zipatazo 65 na inakatiza msitu wa Kibale. Ni nzuri, kivuli kipo, ila madereva huijua lami yake vizuri mno. Mimi hupita humo Jumapili asubuhi tu. Siku nyingine nachepuka mapema kuingia njia za vumbi za upande wa Nkuruba na Kasenda, ambako unapanda ukingo wa shimo moja, unachungulia maji ya kijani chini, unateremka, unapanda ukingo mwingine. Ziwa Nyinambuga liko huko, lile lililo kwenye noti ya shilingi 20,000. Usidanganywe na ramani: kilomita 40 za vilima hivi zinachosha kuliko 80 za tambarare ya kwetu. Ulizia pia siku ya gulio la kijiji unachopitia. Siku hiyo hakuna njia tupu, kuna pikipiki zenye ndizi pande zote mbili.

Msituni mambo yanageuka. Kibale ina kilomita za mraba 795 na aina 13 za jamii ya nyani, na sokwe wake ndio wanaoleta watalii. Utakaokutana nao barabarani hasa ni nyani wa kawaida, wameketi juu ya lami kama wanasubiri basi. Wamezoea kutupiwa ndizi kutoka madirishani. Ndiyo sababu hawaogopi mkoba wako wa mbele. Chakula kifunge ndani kabisa, usile ukiwa unaendesha, usisimame kupiga picha ukiwa peke yako, na dume kubwa usimkodolee macho. Mbega juu ya miti watakuruka tu, hao hawana neno na mtu. Tembo pia wapo. Wakulima wa pembezoni wamechimba mitaro kuwazuia wasiingie mashambani. Ukikuta kinyesi kinachofuka mvuke, geuza. Afande, ambaye amepigana vita, hugeuza bila kujadili. Kwa hiyo sehemu ya msitu naiweka kuanzia saa tatu, magari mawili matatu yakishapita.

Maziwani ni kinyume, nenda mapema. Huku tuko magharibi sana kwa saa tunayotumia, jua linachomoza karibu saa moja, na mji uko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Mtu wa pwani ataumia vidole kwa baridi. Beba glavu. Lakini kati ya saa moja na saa tatu, ukungu ukiwa bado ndani ya mashimo na wachuma chai ndio kwanza wanaingia shambani, kuna asubuhi chache theluji ya Rwenzori inaonekana. Zikikupata, simama.

Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba mvua inabadilisha kila kitu. Udongo wa njia unakuwa sabuni, tope linaganda kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Mimi hubeba kijiti cha kukwangua. Matairi ya upana wa milimita 40 au zaidi, upepo upunguze kidogo, tyubu mbili za akiba, pampu, viraka. Kwa baiskeli za kawaida fundi yupo karibu kila kituo cha biashara, na ana mkono mwepesi. Tatizo ni kwamba vipuri vyake ni vya baiskeli kama ya Afande. Breki zako za majimaji hatazigusa. Chakula si shida: chapati ya mayai iliyoviringishwa, yaani rolex, gonja, ile ndizi ya kuchoma, na chai ya tangawizi.

Kengele yenyewe nunua ile ya chuma ya kuzungusha kwa kidole gumba. Ile ndogo maridadi iliyokuja na baiskeli yangu inalia kama kijiko kwenye glasi. Afande alinitafutia ya kwake ya akiba, ina kutu.

Mwezi uliopita nilipita tena kwa bibi. Nikagonga kabla ya kona, mara mbili. Kabla sijamwona nikasikia, “Abwooli!” Turubai halikuwa pembeni ya njia. Amelihamishia nyuma ya nyumba.