Shahada kwa mtandao huku nikifanya kazi dukani: nitaweza?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Makambako, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya biashara kwa njia ya mtandao. Vipindi vya moja kwa moja ni siku tatu kwa wiki, saa 1 hadi saa 3 usiku. Nina watoto wawili na simu ya 4G yenye laini mbili, kompyuta sina. Je, nitafaidika au nitapoteza ada? Na bando nitenge kiasi gani?

JIBU: Dada, kitakachokubana kuliko bando na simu ni muda. Kwa vyuo vya Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: vipindi, kujisomea, kazi za kuwasilisha na mitihani. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, yaani saa 1,200. Zigawe kwa wiki 40, unapata saa 30 kwa wiki. Vipindi vyako vya usiku ni saa 6 tu. Hizo 24 zilizobaki hakuna atakayekupangia, na dukani tayari unakaa saa 60.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, tena watu wenye akili nzuri tu. Kabla hujalipa, uliza ofisi ya udahili kama unaruhusiwa kuchukua nusu ya masomo kwa mwaka. Nusu ni saa 15 kwa wiki, na hizo zinapatikana: vipindi vya usiku jumla ya saa 3, alfajiri kuanzia saa 10:30 hadi saa 12 kwa siku tano, na Jumapili muda wa saa 4 na nusu. Utachelewa kuhitimu, lakini utahitimu. Wakikataa, nakushauri usubiri hadi upate kazi yenye saa chache.

Faida kwako ni za kweli. Huachi mshahara, hupangi chumba mjini, na kipindi kilichorekodiwa unakisimamisha na kukirudia hadi hesabu ikae kichwani. Isitoshe, ukijifunza usiku jinsi ya kuhesabu gharama ya mali iliyouzwa, asubuhi unaijaribu kwenye saruji na misumari ya hapo dukani. Ingekuwa uuguzi au ufundi umeme, ningekuambia usisome kwa mtandao mtupu, maana mikono haifundishwi kwenye kioo cha simu.

Hasara kubwa ni upweke. Ukinyamaza wiki tatu, huenda asitokee wa kukuuliza kulikoni. Tafuta wenzako watatu au wanne wa kozi hiyohiyo, mpigiane simu kila wiki siku moja isiyobadilika, kila mmoja aeleze mada moja. Nyumbani nako, ukionekana umekaa unahesabiwa huna kazi. Watoto wale na kuoga kabla ya saa 1, na mtu mzima mwingine awaangalie hadi saa 3.

Sasa bando. Video ya kasi ya kilobiti 600 kwa sekunde hutumia takriban MB 270 kwa saa kwa upande mmoja. Ukiwasha na wewe kamera, ni MB 540. Kwa saa 6 za wiki hiyo ni zaidi ya GB 3, na mwezi GB 13 hadi 14. Ukizima kamera yako, ukazuia na video zinazoingia, ukabaki na sauti na slaidi za mwalimu, saa moja inashuka hadi karibu MB 100. Mwezi mzima ni kama GB 2 na nusu. Ongeza GB 3 za kupakua vitabu na rekodi.

Pima mtandao wako saa 1 hadi saa 3 usiku, siku ya kazi, ukiwa chumba kilekile utakachosomea. Kipimo cha asubuhi kitakudanganya, kwa sababu usiku mtaa mzima umerudi nyumbani na uko kwenye mnara huohuo. Usiangalie kasi ya kupakua peke yake. Kasi ya kupakia ndiyo inayobeba sauti yako unapouliza swali.

Simu ya laini mbili ina tatizo ambalo wengi hawalijui. Ukipokea simu kwenye laini ya pili, kwa simu nyingi intaneti ya laini ya kwanza husimama. Hata laini ikiwa moja, simu isiyo na VoLTE (uwezo wa kupiga na kupokea simu kupitia 4G) hushuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G ili kupokea, na darasa linakatika. Hamishia laini ya kupigiwa kwenye kitochi, au izime kwa saa hizo mbili. Kwa kuandika kazi na majedwali ya hesabu, nunua kompyuta mpakato iliyotumika yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Kabla ya kulipa, ijaribu bila chaja uone betri inakaa muda gani, maana umeme unakatika.

Kuhusu kuwasilisha kazi: vyuo vingi hutumia Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni, na humo faili lililopakiwa linaweza kubaki rasimu hadi ubonyeze kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Mwanafunzi anaona jina la faili, anafunga, anapata sifuri. Soma hali iliyoandikwa kama ni rasimu au imewasilishwa, kisha piga picha ya skrini. Fanya hivyo siku moja kabla ya tarehe ya mwisho.

Mwisho, uliza mitihani inafanyikia wapi, ili nauli na ruhusa ya kazini uzipange mapema. Na kama chuo ni cha nje ya nchi, ulizia kwanza Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kama shahada hiyo itatambuliwa, ndipo ulipe.