Kabla hujapeleka tamthilia jukwaani, ikalishe kwanza barazani

Nina tamthilia mbili mpya na zote ntazisomesha mwezi huu hapa Bagamoyo, yani watu watazisoma kwa sauti barazani mi nikisikiliza, na kwa vile watu wengi wananiuliza kwanini nahangaika kusomesha watu wakati ningeweza kuingia mazoezini moja kwa moja, nimeona niandike nilivyojifunza, hasa kwa nyie mnaoanza kuandika.

Tamthilia yangu ya kwanza sikuisomesha. Niliimaliza, nikaipenda, nikawapa kikundi, wakafanya mazoezi wiki tatu tukaonyesha. Ndani ya mchezo, onyesho la pili, kuna mama anapata taarifa mwanawe kazama baharini, nilimwandikia mistari kumi na moja ya uchungu, yani nililia mwenyewe nikiiandika. Watu wakacheka. Sio wote, ila walicheka, na yule dada aliyekuwa anaigiza nilimuona anatafuta pa kuweka mikono. Iliniuma sana, maana yeye hakuwa na kosa lolote.

Baadae nikamuomba bi mkubwa mmoja jirani yangu pale Dunda, anauza vitumbua asubuhi, anisomee ile sehemu kwa sauti. Akavaa miwani, akasoma mistari miwili taratibu, wa tatu akasimama, akaiweka karatasi mapajani. Akaniambia, "Mwanangu, aliyefiwa hasemi yote haya. Atasema 'basi'." Alafu akalisema lile neno, basi, kwa sauti ya chini, mkono kifuani, na pale barazani tukanyamaza wote. Nikafuta mistari kumi na moja nikaacha neno moja. Toka siku hiyo siipeleki kazi jukwaani kabla haijapita kwenye midomo ya watu wengine.

Kwaiyo ushauri wa kwanza, usisome mwenyewe. Wewe unajua ulichokusudia, sauti yako itaziba mashimo yote bila wewe kujua. Wape watu, kaa pembeni na kalamu, na usieleze chochote kabla hawajaanza, hata kama mtu anakuuliza huyu mhusika ni mtu wa namna gani, mwambie soma tu mama. Msomaji mmoja akijikwaa kwenye sentensi inaweza kuwa miwani au mwanga, ila wakijikwaa watatu palepale ujue sentensi ni mbovu. Na angalia sana wanapobadilisha neno bila kujijua, umeandika "hata hivyo" wao wanasoma "lakini", umeandika "ninakusihi" mtu anasema "nakuomba", hapo wanakusahihisha bure kabisa, andika walichosema wao.

Nadhani shida inaanzia shuleni. Wengi wetu tulikutana na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kama kitabu cha mtihani, tunakariri dhamira na wahusika tumekaa kimya darasani, wakati kile kitabu cha 1969 kimejaa watu wanaobishana na kunong'onezana. Tukazoea kuwa tamthilia ni kitu cha macho. Ukiandika kwa macho, mwigizaji ndo anaumia.

Mambo ya kawaida sasa. Herufi ziwe kubwa, namba za kurasa ziwepo, na jina la mhusika liandike zima kila anapoongea sio kifupi, watu wanapotea. Kopi kila moja ipe namba na baada ya kusoma zikusanye zote, mi kazi yangu iliwahi kuchezwa na kikundi fulani bila jina langu na bila kuambiwa, niliisikia kwa watu. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inakulinda hata kama hujasajili ila ukisajili COSOTA, ile taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, ushahidi unakuwa mwepesi.

Muda nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Hapa kwetu anza saa kumi na nusu, watu wameshaswali Alasiri, na hakikisha unamaliza kabla ya adhana ya Magharibi, ukivuka hapo nusu ya wasomaji wanaondoka na ni haki yao. Na usisomee ufukweni hata kama panapendeza, upepo unabeba maneno yote, baraza au ua wenye ukuta ndo mahali pake.

Wakimaliza kusoma usiulize "mmeipenda?" maana watakujibu kwa adabu. Waulize wapi walichoka, nani hawakumuamini. Akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, waandishi wa tamthilia na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walivyoenda kufanya kazi na wanakijiji wa Malya kule Kwimba miaka ya 80, mazungumzo na wenyeji yalikuwa sehemu ya kazi yenyewe, sio nyongeza ya kumalizia. Ukibishiwa usijitetee, andika tu, kesho yake utajua lipi la kuchukua.

Sasa hizi mbili. Ya kwanza ni ndugu wanne wanaogombana juu ya kuuza shamba la minazi la marehemu baba yao, na dada mkubwa ndo anayejua baba alisema nini siku ya mwisho. Ya pili ni usiku mmoja tu, watu watatu wamekaa na jahazi wanangoja maji yajae wavuke kwenda Unguja, na mmoja wao hataki yajae. Hii ndo inanitia wasiwasi zaidi, kuna ukimya mwingi ndani yake na sijajua bado kama watu wataukaa ule ukimya au wataanza kuangalia simu.

Ya minazi tunaisoma Jumamosi hii, ya jahazi Jumamosi inayofuata, barazani palepale Dunda, saa kumi na nusu kamili. Bado natafuta mtu wa kusoma nahodha, sio lazima awe mwigizaji, nikimpata mtu aliyewahi kusafiri na jahazi kweli ntafurahi zaidi. Mkeka upo, kahawa ipo. Kama unatumia miwani njoo nayo.