Siku moja Harajuku: anzia msituni, malizia madukani

Ndugu yangu, assalamu alaykum. Umeandika kwamba mwezi wa Desemba utakuwa Yokohama kwa shughuli ya kununua magari, kwamba utabakiwa na siku moja tu ya kutembea, na kwamba jamaa zako wamegawanyika: wapo wanaosema Harajuku, kule Tokyo, ni mtaa wa vijana na nguo za mitindo usiomfaa mtu mzima, na wapo wanaosema nenda ukalione hekalu la Meiji kisha ugeuze, maduka achana nayo. Umeuliza pia kama Muislamu anaweza kuingia katika eneo la hekalu lile, na kama kuna kitu cha kununua ambacho hakitakumalizia fedha. Niliishi Yokohama miaka mitatu nikiwa masomoni, na Harajuku nilikwenda katika kila majira ya mwaka, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe.

Jamaa zako wa pande zote mbili wamekosea jambo moja, nalo ni kulitenganisha hekalu na maduka. Barabara ile pana yenye maduka ya kifahari inaitwa Omotesando, na maana ya jina hilo ni njia ya mbele ya kuendea hekaluni. Ilifunguliwa mwaka 1920, mwaka uleule lilipozinduliwa hekalu la Meiji, ili watu wapate pa kupita wanapokwenda kutoa heshima zao. Maduka yalikuja baadaye, moja baada ya jingine, yakajipanga kandokando ya njia hiyo. Ukiyaona maduka bila kuingia katika msitu uliolizunguka hekalu utakuwa umesimama kwenye ujia wa nyumba bila kujua ni wa nyumba gani, na ukiishia hekaluni utakuwa umeikosa nusu ya habari yenyewe.

Kutoka Yokohama usihangaike kubadilisha treni. Panda ile ya laini ya Toyoko inayoungana moja kwa moja na laini ya Fukutoshin, ushuke kituo cha Meiji-jingumae, na ukitoka juu utaliona daraja la Jingu linalokupeleka kwenye lango la kwanza la msitu. Safari haifiki saa nzima. Jambo la kulizingatia kuliko yote ni muda, na hapa mimi niliumia: mara yangu ya kwanza ilikuwa Desemba kama wewe, nikazungukazunguka madukani mchana kutwa nikidhani hekalu litanisubiri, na nilipofika langoni nikakuta walinzi wanawatoa watu wa mwisho. Hekalu hufunguliwa jua linapochomoza na kufungwa linapozama, na saa hizo hubadilika kila mwezi. Mwezi wa Juni hufunguliwa saa 11 alfajiri na kufungwa saa 12 na nusu jioni, lakini Desemba hufungwa saa 10 jioni. Maduka mengi, kwa upande wake, hayafungui kabla ya saa 5 asubuhi. Ratiba imekwisha kujipanga yenyewe: asubuhi ni ya msitu, mchana ni wa maduka. Kiingilio cha hekaluni hakuna.

Nimesema msitu kwa makusudi. Ukivuka lango la kwanza unaingia chini ya miti mirefu iliyofunga juu, mikafuri na mialoni ya aina isiyopukutisha majani, na hatua kumi hazipiti kabla kelele za mjini hazijaanza kufifia, ukabaki na sauti ya kokoto chini ya viatu. Mtu yeyote angedhani ni msitu wa asili ulioachwa tangu zamani, kumbe ulipandwa kwa mikono ya watu. Mfalme Meiji alifariki mwaka 1912, mkewe Malkia Shoken akafuata mwaka 1914, na ilipoamuliwa wajengewe hekalu, mahali pale palikuwa na miti michache tu. Wananchi kutoka kila pembe ya Japani wakatoa miti ipatayo 100,000, na wataalamu wa misitu wakiongozwa na Honda Seiroku wakaipanda kwa hesabu maalumu, wakichanganya ile ya kukua haraka na ile ya kukua polepole, ili katika muda wa miaka 100 hadi 150 msitu ujitegemee, ujipande na kujirithisha bila mkono wa mtu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Okuma Shigenobu, alitaka miti ya mierezi kama ya mahekalu ya mji wa Nikko, lakini wataalamu wakashikilia kwamba ardhi ile haiifai na moshi wa mji ungeiua. Leo eneo hilo lina hekta zipatazo 70, na mimi huona kwamba hoja ile ya wataalamu ndiyo iliyouokoa msitu huu.

Kuna jambo dogo niliwahi kulitazama kwa muda mrefu. Asubuhi mapema utawakuta wafagizi wenye mifagio mipana kupita kiasi, wanatembea taratibu katikati ya njia wakiyasukuma majani makavu pembeni, na kokoto zinabaki na mistari ya mfagio kama nywele zilizochanwa. Nilidhani majani yale yanakwenda kutupwa. Hayatupwi. Huyakusanya na kuyarudisha chini ya miti yaliyodondokea, yaoze na kuwa chakula cha msitu, na kazi hiyo wameifanya hivyo tangu zamani kwa sababu ni sehemu ya mpango wa waliopanda.

Njiani utakutana na lango kubwa la mbao, torii, lenye urefu wa mita 12. Nguzo zake ni za mti wa zaidi ya miaka 1,500 kutoka Taiwan, na lilisimamishwa mwaka 1975 kushika nafasi ya lile lililopigwa na radi mwaka 1966. Wenyeji huinama kidogo kabla ya kupita na hutembea kando badala ya katikati, kwa kuwa katikati huhesabiwa kuwa njia ya mungu wao. Wewe pita kando tu, ni adabu ya ugenini. Kabla ya lango hilo utaona upande mmoja mapipa ya pombe ya mchele yaliyofungwa kwa majani makavu, na upande wa pili mapipa ya mvinyo kutoka Burgundy nchini Ufaransa, yote yakiwa sadaka, kwa sababu mfalme huyo ndiye aliyeifungulia Japani milango ya mambo ya Ulaya na yeye mwenyewe aliupenda mvinyo.

Sasa lile swali lako la dini. Hukumu ya kisheria muulize sheikh wako, mimi nitakueleza nilivyofanya. Hakuna atakayekuuliza dini yako wala kukulazimisha kufanya lolote. Wanaoabudu hunawa mikono na mdomo kwenye maji yaliyo mlangoni, kisha mbele ya jengo kuu hutupa sarafu, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huomba na kuinama tena mara moja. Mimi sikunawa kwa nia hiyo, sikuinama wala kupiga makofi. Nilisimama uani, pembeni, nikatazama kwa heshima kama ninavyotaka mgeni atazame akifika msikitini kwetu, na hakuna aliyenikunjia uso. Tahadhari moja tu: usipige picha kuelekea ndani ya jengo kuu. Mlinzi alinizuia kwa upole, na nilijisikia vibaya kwa kuwa kibao cha katazo kilikuwa mbele yangu na sikukisoma. Uani unaweza kupiga, na kama ni mwisho wa wiki huenda ukaona msafara wa harusi: makuhani mbele, bibi harusi katika vazi jeupe na kofia kubwa nyeupe inayomfunika nywele, mwavuli mwekundu juu yao, na wote wamenyamaza kimya. Majengo yenyewe ni ya mwaka 1958, kwani yale ya kwanza yaliteketea kwa mabomu mwezi wa Aprili 1945.

Ukirudi nje, bado una nafasi kabla ya maduka kufunguliwa, nami nakushauri upite bustani ya Yoyogi iliyo jirani. Baada ya vita eneo hilo lilikuwa makazi ya wanajeshi wa Marekani na familia zao, yakiitwa Washington Heights, na mwaka 1964 likageuzwa kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki. Nyumba moja ya mbao ya enzi hizo imehifadhiwa hadi leo. Mimi nilisimama mbele yake nikimfikiria Wilson Kiprugut, kwani ilikuwa katika michezo ile ya Tokyo ambapo alishika nafasi ya tatu katika mita 800 na kuipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Nasikitika kwamba watu wetu wengi hupita pale bila kuujua uhusiano huo.

Makazi hayo ya Wamarekani ndiyo yaliyoianzisha Harajuku ya mitindo. Maduka yalifunguliwa kuwauzia bidhaa, vijana wa Kijapani wakavutwa na mambo ya kigeni, na kuanzia mwaka 1977 barabara ikawa inafungwa kwa magari siku za Jumapili, vijana wakajaa kucheza dansi na kuonyesha mavazi waliyojishonea. Utaratibu huo ulikoma mwaka 1998, kwa hiyo usitarajie kuukuta, ila roho yake imebaki Takeshita, kichochoro cha mita zisizofika 400 mkabala na kituo cha Harajuku. Pale ni msongamano wa mabega kwa mabega, soksi, vipuli, nguo za rangi za pipi, na chapati nyembamba zilizoviringishwa na malai na matunda. Utawakuta vijana wa Kiafrika, wengi wao wa Afrika Magharibi, wakiita wateja kuingia katika maduka ya nguo. Wasalimie, ni watu wetu, lakini usijione una deni la kununua. Kwa watoto wako utapata zawadi za bei ndogo. Nusu saa inatosha.

Usichokose ni kilicho nyuma ya kichochoro hicho. Kata kona, panda ngazi, na ghafla uko katika hekalu la Togo, lenye bwawa la samaki wa rangi na kobe wanaoota jua juu ya mawe. Lilijengwa mwaka 1940 kwa heshima ya Amiri Togo Heihachiro aliyezishinda meli za kivita za Urusi mwaka 1905 huko Tsushima. Kelele za Takeshita bado unazisikia kwa mbali, lakini mbele yako yuko mzee mmoja tu ameketi anatazama maji. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuielewa Harajuku, na tangu hapo kila mgeni niliyempeleka nilimpitisha mlango huo.

Kuhusu ununuzi, katika Omotesando yenyewe wewe tazama majengo, kwa maana bei za Louis Vuitton na wenzake unazijua. Jengo lililosanifiwa na Toyo Ito kwa ajili ya duka la Tod's lina kuta za zege zilizochongwa kama matawi ya miti iliyo mbele yake, na jengo la maduka la Omotesando Hills, lililosanifiwa na Tadao Ando na kufunguliwa mwaka 2006, lina ujia wa ndani unaopanda kwa mteremko uleule wa barabara. Nguo zitafute katika vichochoro vya nyuma, kwenye mtaa unaoitwa Cat Street na jirani zake. Mtaa huo unapindapinda kwa sababu chini yake kuna mto wa Shibuya uliofunikwa kabla ya Olimpiki ile ya 1964. Huko mitumba ni biashara ya heshima: imefuliwa, imepigwa pasi, imetundikwa kwa mpangilio, na suruali ya jinzi ya zamani ya Marekani inaweza kukushinda bei. Lakini kimono na yukata, ile kimono nyepesi ya kiangazi, zilizokwisha kuvaliwa hupatikana kwa bei nafuu, na mke wangu ameitunza ya kwake hadi leo. Bei haipunguzwi, usijaribu. Chukua pasipoti, kwani maduka mengi huwasamehe wageni kodi ya asilimia 10 ukinunua kuanzia yeni 5,000. Kuanzia Novemba 2026 kodi hiyo hulipwa kwanza dukani na kurejeshwa unapoondoka nchini. Chukua na mfuko wa taka zako, mapipa ya taka ni adimu.

Malizia mwisho wa Omotesando, kwenye makutano na barabara ya Aoyama, jioni taa za Desemba zinapowashwa katika matawi yaliyopukutika. Utaziona taa mbili kubwa za mawe, moja kila upande. Hapo ndipo safari ya kwenda hekaluni huanzia rasmi, nawe utakuwa umeitembea kinyume. Karibu na taa mojawapo kuna jiwe la kumbukumbu ya waliokufa katika shambulio la mabomu la tarehe 25 Mei 1945, walipoteketea barabarani hapo pamoja na karibu miti yote. Hii unayoiona ilipandwa upya baada ya vita. Kisha shuka chini, panda laini ya Chiyoda vituo vitatu hadi Yoyogi-Uehara, na hatua chache kutoka hapo uko Tokyo Camii, msikiti uliojengwa kwanza mwaka 1938 na Watatari waliohamia Japani, ukajengwa upya mwaka 2000 kwa mtindo wa Kituruki. Ukiwahi, utaidiriki swala ya Isha kwa jamaa.