Usipime mche kwa kipimo cha robota

Kampuni kongwe ninazokaa nazo hapa Tanga hazina njaa ya mawazo. Keti na wafanyakazi wao kwenye kijiwe cha kahawa pale Ngamiani, na kabla kikombe hakijaisha utakuwa umesikia mambo mapya mengi ya kufanya. Tatizo huanza wazo likifika ofisini. Linawekwa kwenye mizani ya biashara kubwa iliyokwisha kukomaa, linaonekana dogo, halina faida, linasumbua watu. Linafia mezani. Miaka inapita, wateja wanahama, halafu bodi inaitisha kikao cha dharura.

Nimefanya kazi ya mauzo kwenye mkonge kabla ya kuanza kushauri kampuni za familia, na sijui biashara inayoonyesha jambo hili wazi kuliko mkonge.

Fikirini ulivyoingia nchini. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62. Mpelekeeni mhasibu yeyote wa leo hesabu hiyo muone kama ataitia saini! Lakini zao lililoanza na miche hiyo lilifika takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za jani la mkonge, mwaka 1964, tukiongoza dunia nzima. Kisha ikaja kamba ya plastiki. Mkulima wa Ulaya na Marekani, aliyekuwa akifungia majani makavu ya mifugo kwa kamba ya katani, akapata ya bei nafuu isiyooza. Wapo wanaolaumu utaifishaji wa mwaka 1967 peke yake. Mimi sikubaliani nao. Utaifishaji una sehemu yake, na usimamizi uliofuata una sehemu yake, ila mnunuzi alikuwa ameshageuza uso huku mashamba yakiendelea kujihesabu kwa tani za singa tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na kama tani 20,000.

Na singa zenyewe ni asilimia 3 hadi 5 tu ya uzito wa jani bichi. Kilichobaki, maji na makapi, korona, mashine ya kuchambua majani, ilikuwa inakitema kikaoze. Mtu anayepimwa kwa tani za singa ana sababu gani ya kuyatazama makapi? Ndiyo maana nilifurahi sana kampuni ya Katani ilipojenga pale Hale, wilayani Korogwe, mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na makapi hayo, ikisaidiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na wafadhili wengine. Hatimaye mtu alikuwa amehesabu kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Sasa niwaeleze nililoliona kwa karibu. Kampuni niliyokuwa naitumikia iliuza singa nje, kwa kontena. Kijana mmoja wa ghalani akagundua kwamba mafundi wa dari walikuwa wanakuja getini kuomba mabaki. Fundi jipsamu huchanganya singa kwenye jipsamu ili mkanda usipasuke anapoupandisha. Anataka kilo mbili, tatu. Sisi tulikuwa tunauza robota, furushi kubwa lililobanwa, la kilo 250. Kijana akaenda kwa mzee wetu wa mahesabu.

"Shikamoo mzee. Naomba tuwatengee mafundi mafungu ya kilo moja moja."

"Marahaba, mwanangu. Kontena likiondoka bandarini tunalipa mishahara. Hayo mafungu yako yatalipa hata wa mlinzi?"

Hesabu ya mzee ilikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo nataka mlitafakari. Kwa kipimo cha kontena, mafungu yale yalikuwa upuuzi. Hakuna biashara changa itakayoshinda shindano hilo, hata iwe nzuri namna gani.

Meneja wetu alikuwa mtu makini. Hakugombana na mhasibu wala hakumshika kijana bega na kumwambia asikate tamaa. Alikodi chumba kimoja cha duka Ngamiani, akafungua daftari jipya, akatenga fedha za kuanzia na kutangaza kwamba fedha hizo zimeshatumika, asije mtu kuziomba tena. Akakataza mauzo ya duka lile yasisomwe kwenye kikao cha mwezi pamoja na ya kontena. Kila wiki alimuuliza kijana jambo moja: mafundi waliokuja juma lililopita wamerudi? Na ambao hawakurudi, wanasemaje?

Kutokana na swali hilo tukajifunza kitu ambacho ofisi nzima haikukijua. Zile singa ndefu za daraja la juu, fahari yetu, fundi hazimsaidii. Yeye anataka fupi, kavu, zilizochanuliwa vizuri. Hizo fupi ndizo tulizokuwa tunaziuza nje kwa bei ya kutupa. Duka likaanza kuagiza kutoka ghala letu wenyewe mzigo ambao idara ya mauzo ya nje ilikuwa inauona kero.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kampuni kongwe yoyote, iwe ya saruji, ya maziwa au ya vipuri: tengeni fedha, daftari na kipimo. Vyote vitatu. Nimeona kampuni zikitenga fedha lakini zikaacha kipimo kilekile cha zamani, na baada ya robo mwaka fedha zikarudishwa.

Msidhani hili ni la kampuni ndogo za mikoani. Vodafone ya Uingereza, yenye hisa Safaricom ya Kenya, ni kampuni kubwa sana ya simu, lakini Nick Hughes, mmoja wa waliobuni M-Pesa, ameeleza kwamba ndani ya kampuni mradi wa aina ile ungebanwa na miradi yenye faida ya haraka. Fedha kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza ndizo zilizoupa pumzi. Majaribio ya Kenya yalihusu kurejesha mikopo midogo kwa simu, ila watu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waliokuwa wanaangalia watumiaji wakaliona hilo, na mwaka 2007 Safaricom ikazindua huduma ya kutuma pesa. Mwaka 2008 ikafika kwetu kupitia Vodacom. Ingepimwa kwa idadi ya mikopo iliyorejeshwa, pengine ingefungwa.

La pili ni kujua mnachokijua. Kodak, kampuni ya Marekani ya filamu za kamera, inasimuliwa kila mahali: mhandisi wake Steven Sasson alitengeneza kamera ya kidijiti mwaka 1975, na Januari 2012 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mimi napenda zaidi kuwaeleza watu habari za Fujifilm, mshindani wake wa Japani. Mauzo ya filamu yalipofika kileleni karibu na mwaka 2000 na kuanza kuporomoka, waliorodhesha ujuzi wao badala ya bidhaa zao. Filamu inahitaji jelatini, ambayo hutokana na kolajeni, protini iliyomo pia kwenye ngozi ya binadamu. Inahitaji pia elimu ya kuzuia picha isififie. Mwaka 2007 wakaingia kwenye vipodozi vya ngozi kwa jina la Astalift. Fanyeni orodha kama hiyo, na mwiteni mtu wa ghalani na dereva wakati wa kuiandika. Wakuu wa idara huorodhesha bidhaa.

Tazameni pia mnamlipa mtu kwa lipi. Muuzaji anayepata kamisheni kwa wingi wa mzigo ataficha bidhaa mpya chini ya kaunta, na simlaumu, ana ada ya shule ya kulipa. Kwa mwaka wa kwanza mlipeni kwa kila mteja mpya aliyenunua na akarudi.

Kuna hatari nyingine watu hawaiangalii, nayo ni habari njema. Gati za bandari yetu zilikuwa na kina cha mita 3, meli zikitia nanga mbali na shehena ikavushwa kwa matishari. Sasa kina ni mita 13 na meli zinafunga gatini. Mji umeshangilia, nami nimeshangilia kwa moyo wote. Lakini kama kampuni yako iliishi kwa ucheleweshaji ule, kwa ghala la kusubiria au kwa kazi ya kuhamisha mzigo mara mbili, mteja ameondolewa shida uliyokuwa unamtatulia. Nendeni mkaonane na wateja waliopunguza oda. Msiende na fomu ya maoni. Nendeni mkakae, mnywe chai, muulize sasa wanahangaika na nini. Anayenunua bado atakusifu kwa adabu. Aliyeacha atakwambia ukweli.

Biashara kongwe msiidharau, maana ndiyo inayolipa mishahara na majaribio yenyewe. Mzee wa mahesabu aachwe aendelee kubana kontena kama kawaida yake.

Kabla ya kuanza, andikeni pia lini mtaacha. Kama baada ya misimu miwili mafundi hawarudi, funga duka, mrudishe kijana kazini kwa cheo kilekile na watu wote waone kwamba hakuadhibiwa. Wa pili hatajitokeza kama wa kwanza alidhalilishwa. Na huyo anayesimamia jaribio asiripoti kwa mkuu wa mauzo, ambaye malengo yake ya mwaka yanavutana na jaribio hilo. Aripoti kwa mwenye kampuni mwenyewe, hata kama ni nusu saa kila Ijumaa kabla ya sala.